Tulivyoliokoa behewa la chuma lililoliwa na kutu

Dar es Salaam sasa ina reli za vipimo vitatu: Reli ya Kati yenye upana wa milimita 1,000, TAZARA yenye 1,067 na SGR yenye 1,435. Kikundi chetu kilipopata behewa la mizigo la Reli ya Kati kwa ajili ya makumbusho ya mtaa, tulianza na futi ya kupimia kabla ya jambo lingine lolote. Tulikuwa tumeahidiwa mataruma ya zege, yaani mihimili ya kulazia reli, yaliyotengenezwa kwa reli ya 1,067. Tukayakataa. Vishikizo vya reli hufungiwa humo humo kwenye zege, hivyo huwezi kuvisogeza, na kwa milimita 67 za ziada gurudumu linaweza kudumbukia katikati ya reli. Tulitafuta mataruma ya chuma, tukapanga 22 kwa nafasi ya sentimita 70, na hiyo ikatupa njia ya mita 15. Chini yake tulimwaga kokoto za unene wa sentimita 20 na kuchimba mfereji pembeni. Maji yakituama chini ya behewa, unyevu wake hupanda usiku na kukaa kwenye chuma hadi saa tatu asubuhi.

Kutu ya Pwani si kama ya Tabora. Upepo wa bahari huleta chumvi, nayo hujificha kwenye vishimo vya kutu na kwenye maungio ya mabati. Ukipiga msasa na kupaka rangi bila kuosha, umeifungia chumvi ndani, nayo inaendelea kuvuta maji kupitia kwenye rangi. Ubavu mmoja tuliufanya hivyo mwanzoni. Masika yalipoisha ulikuwa umejaa malengelenge ya ukubwa wa punje ya hindi, na kila tuliyoipasua ilitoa tone la maji juu ya chuma cheusi. Ikabidi tuukwangue wote upya.

Utaratibu tunaoufuata sasa ni huu. Kwanza tunabandua kutu nene kwa nyundo na kikwanguo, kisha tunaosha kwa maji baridi na brashi ngumu, mara tatu, tukielekeza maji kwenye kila ungio. Maji yawe ya bomba. Visima vingi vya jijini vina maji ya chumvi, na ukivitumia unaongeza tatizo. Baada ya hapo tunaacha chuma kilale usiku mmoja. Asubuhi kikiwa na vumbi jepesi la rangi ya chungwa tu, hilo huondoka kwa msasa. Lakini ukiona vitone vya hudhurungi vinavyotoka jasho, chumvi bado ipo. Osha tena.

Rangi ya zamani tuliichukulia kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo hatukuigusa kwa grenda kavu. Tulitumia msasa wa maji, barakoa za kuchuja vumbi laini na turubai chini, na mabaki yote tukayakusanya. Kabla ya kuitoa, tulitengeneza dirisha dogo la sentimita 10 kwa msasa namba 240 halafu 400, tukishuka tabaka moja baada ya jingine, kama kumenya kitunguu. Chini ya herufi za TRC, Shirika la Reli Tanzania, zilijitokeza E.A.R., za shirika la reli la Afrika Mashariki lililovunjika mwaka 1977. Tulizichora kwenye karatasi ya plastiki angavu, pamoja na namba ya behewa na uzito wake mtupu, tukapiga picha pembeni ya rula. Watu wengi hukimbilia kufuta, na wakishafuta, ushahidi wa historia ya behewa umekwenda nao.

Sehemu iliyooza zaidi ilikuwa mkondo wa chini wa mlango. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ilikuwa imesukuma bati hadi ribiti tatu, zile pini za kuunganishia mabati, zikakatika vichwa. Tulikata hadi kwenye chuma kizima na kuweka bati la milimita 3. Fundi alichomelea vipande vya sentimita 3, akiruka kutoka upande huu hadi ule, maana mshono mrefu wa mfululizo hukunja bati. Sakafu ya mbao tulikuwa tumeing'oa kwanza, na mtu alibaki na ndoo za maji na mchanga kwa saa nzima baada ya kazi. Kisha tulitoboa matundu ya milimita 12 mahali pa chini kabisa ili maji yatoke. Matundu ya namna hiyo yalikuwepo tangu mwanzo. Mtu fulani aliyaziba kwa puti akidhani ni ubovu.

Kupaka rangi tulikupangia Juni hadi Septemba. Chuma lazima kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, umande hutua kwenye nyuzi 24, kwa hiyo chuma kisipofika 27 tunasubiri. Jua nalo lina shida yake: bati likichemka, rangi hukauka juu huku chini bado mbichi. Asubuhi tunapaka ubavu wa magharibi, alasiri wa mashariki. Praima, yaani rangi ya kwanza, ni ya epoksi, na hadina yake, ile kemikali ya kuigandisha, tunaipima kwa kikombe na kuchanganya lita moja moja, kwa sababu joto la Dar huigandisha ndoo nzima kabla hujafika nusu ya kazi. Kingo, ribiti na mishono tunaitangulia kwa brashi, kwani rangi hujivuta na kuwa nyembamba hapo. Baada ya mikono miwili ya praima inakuja rangi ya juu ya poliurethani, maana epoksi peke yake juani hugeuka unga.

Vikasha vya beringi tulivifungua kwa kunyanyua upande mmoja kwa wakati, kwa jeki mbili za tani 20, kabari zikiwa mbele na nyuma ya magurudumu ya upande wa pili. Jeki ni ya kunyanyulia. Mzigo unakaa juu ya magogo. Ndani ya vikasha maji yalikuwa yamejikusanya chini ya oili, na ukiangalia kwa juu unaona oili safi tu. Tuliyanyonya kwa bomba la sindano kutoka chini, tukabadilisha pamba iliyolowa na kuweka oili mpya. Kila mwezi watu wanne wenye mitaimbo husogeza behewa robo mzunguko wa gurudumu, ili shaba ya beringi isikalie sehemu ile ile ya ekseli.

Kabla ya vuli na kabla ya masika tunaingia ndani saa sita mchana, tunafunga milango na kukaa dakika tano gizani mpaka macho yazoee. Kila nukta ya mwanga kwenye paa inawekewa alama ya chaki.