Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa shule na watoto wenye pumu

Saa 12:00 asubuhi, kabla ya mchakamchaka, huwa nimekwisha kufungua chumba cha afya cha shule yetu ya bweni, Njombe. Baridi ya Julai hapa ni kali, na mtoto mwenye pumu akikimbia katika hewa hiyo hubanwa kifua upesi. Kwa hiyo wale walioagizwa na daktari huvuta salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, robo saa kabla ya kukimbia.

Saa 1:00 ni usafi. Wenye pumu humwagilia bustani badala ya kufagia, wasivute vumbi.

Saa 4:00, wakati wa chai, nilikaa na msichana wa darasa la tatu nimtazame anavyotumia inhela yake, yaani kifaa cha kuvutia dawa kwa mdomo. Aliibonyeza kwanza, ndipo akaanza kuvuta pumzi, na ukungu mweupe ukamtoka pembeni mwa midomo. Dawa ya namna hiyo huishia ulimini na kooni, kisha watu wazima husema kwamba haimsaidii. Nilimpa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa inhela na kuzibwa kwa gundi pembeni. Watafiti wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya aina hiyo hufanya kazi sawa na spesa ya dukani, yaani chombo cha kushika ukungu wa dawa ili mtoto auvute taratibu. Akatikisa inhela, akabana midomo kwenye chupa, akabonyeza mara moja, akavuta na kutoa pumzi taratibu mara tano. Tulisubiri kidogo, tukatikisa tena, akarudia. Safari hii ukungu haukuonekana.

Saa 8:30 nilizungumza na walimu. Sikubaliani kabisa na desturi ya kufungia inhela kabatini, kwa sababu mtoto aliyebanwa hawezi kusubiri mwenye ufunguo arudi kutoka mjini. Niliwaeleza kwamba mtoto aketi wima, asilazwe, apewe dawa kwa spesa, bonyezo moja moja hadi 10, na kwamba akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikibadilika rangi, gari la hospitali liitwe papo hapo.

Saa 11:00 jioni nilikagua kadi. Mkebe wa salbutamol kwa kawaida una mibonyezo 200, nao huendelea kutoa ukungu hata dawa ikiwa imekwisha, hivyo kila matumizi tunayawekea alama. Kadi ya yule msichana imekaribia kujaa. Nimempigia mama yake simu, naye ataleta inhela mpya Jumamosi.