Mwaliko wa Pili: Mwanamuziki wa Dodoma na Kazi ya Kujitangaza

Kwa mtu anayeishi kwa kupiga muziki hapa Dodoma, swali la maana kuliko yote ni nani atakayemwita tena baada ya kazi ya kwanza. Nimepiga gitaa la besi katika mji huu kwa miaka mingi, kwenye kumbi za harusi, hotelini na kanisani, na kila mwaka naona vijana wenye vipaji vikubwa wakikusanya fedha zao zote, wakarekodi wimbo mmoja, wakalipia video, wakaupeleka redioni, kisha wakakaa kungoja simu. Simu haiji, hata pale wimbo unapokuwa mzuri, kwa sababu hakuna aliyeambiwa waziwazi kwamba kijana huyu anafanya kazi gani, kwa bei gani, na anapatikanaje siku ya Jumamosi inayokuja.

Nadhani tumerithi mazoea ya zama nyingine. Bendi kubwa za dansi za nchi yetu zilikuwa na wenyewe: NUTA Jazz, ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, iliundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa mali ya taasisi, ukumbi ulijulikana, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo na kuzirusha nchi nzima. Kutafuta wateja haikuwa kazi ya mpiga solo wala ya mwimbaji. Utaratibu huo umekwisha zamani, lakini wengi wetu bado tunaamini kwamba kupiga vizuri kunatosha na kwamba yupo mtu mahali fulani ambaye kazi yake ni kututafutia watu. Hayupo. Hata wenye mameneja hapa mjini ni wachache, na meneja mwenyewe mara nyingi ni binamu mwenye pikipiki na moyo mwema.

Kwa hiyo kujitangaza kunaanza na kulijua soko, na soko letu si la Dar es Salaam. Dodoma ina kalenda yake. Mkutano wa Bunge la Bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na katika miezi hiyo hoteli hujaa, wageni hutafuta mahali pa kupumzika jioni, na taasisi huandaa hafla za chakula cha usiku. Mwanzoni mwa Agosti kuna Nanenane katika viwanja vya Nzuguni. Mwishoni mwa mwaka ni mahafali ya vyuo, Chuo Kikuu cha Dodoma kikiwa kikubwa kuliko vyote, na familia zinazokuja kumpongeza mhitimu hufanya sherehe ndogondogo ambazo wanamuziki wengi huzipuuza. Vijijini, sherehe hushamiri baada ya mavuno ya mtama na uwele, wakati watu wana chakula ghalani na fedha kidogo mkononi. Kwaresma na Ramadhani harusi hupungua sana, na bendi isiyoweka akiba kabla ya kipindi hicho huanza kuuza vyombo. Mwanamuziki anayeijua kalenda hii hupiga simu zake Februari kwa ajili ya kazi za Mei, wakati mwenziwe anaanza kuulizia Mei yenyewe, ambapo nafasi zimekwisha kuchukuliwa.

Tangu treni ya reli ya kisasa, SGR, ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, bendi ya Dar inaweza kuondoka asubuhi, ikapiga hapa usiku na kurudi kesho yake. Wenzangu wengi wanaliona hilo kama hasara. Mimi naona limetulazimisha kujibu swali tuliloliahirisha: kwa nini mteja wa Dodoma amchukue mwanamuziki wa Dodoma? Jibu langu ni kwamba sisi tunaweza kwenda kuuona ukumbi siku tatu kabla, tunaweza kukaa na kamati ya harusi, tunawajua wazee wa familia na nyimbo wanazozipenda, na tutakuwepo wiki inayofuata endapo kuna lalamiko. Huo ndio uzito wetu, na unapaswa kuonekana katika kila tangazo tunalolitoa.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye harusi, kwa kuwa ndizo zinazolisha wengi wetu. Anayeamua bendi ipi ichukuliwe si bwana harusi. Ni kamati, na ndani ya kamati ni watu wawili watatu ambao husikilizwa: mwenyekiti, mweka hazina, na yule shangazi aliyewahi kuozesha. Kamati hiyo huanza kwa kuchukua ukumbi, kisha mpambaji, mpishi, mpiga picha na mshereheshaji, na kila mmoja wa hawa huulizwa, “Unamjua mpiga muziki mzuri?” Maana yake ni kwamba mshereheshaji mmoja anayekuamini ana thamani kuliko wafuasi elfu wa mtandaoni ambao hawajapata kufika Dodoma. Mpe sauti safi kwenye kipaza chake, punguza muziki anapozungumza, usimlie muda wake, na umwambie asante mbele ya kamati. Mwenye ukumbi naye anakumbuka bendi iliyofika saa nane mchana kufunga vyombo na ile iliyofika wageni wakiwa wameketi. Ninayasema haya kwa sababu nimeona bendi zenye wapigaji wa kawaida zikiwa na kazi kila mwisho wa juma, na bendi zenye mafundi wa kweli zikikaa nyumbani.

Bei nayo ni sehemu ya kujitangaza, ingawa tunaiona aibu kuitaja. Tuseme bendi ya watu saba inapatana shilingi 1,200,000. Kukodi mitambo ya sauti ni 300,000, gari la kubebea vyombo 100,000, chakula cha mazoezi na cha siku ya kazi 50,000, nyuzi, vijiti na kebo 50,000. Zinabaki 700,000. Tukigawa mafungu nane, saba ya watu na moja la mfuko wa bendi, kila fungu ni 87,500. Bendi inayokubali 600,000 ili “ijulikane” itawapa wapigaji nauli tu, na mpigaji aliyepewa nauli hatakuja mazoezini Jumanne. Kisha jambo la pili linafuata: mteja aliyekupata kwa nusu ya bei atawaambia rafiki zake bei hiyo hiyo, na mwaliko wa pili utakuja ukiwa mdogo kuliko wa kwanza. Afadhali kutoa bei halali na kueleza kwa adabu kile kilichomo ndani yake.

Mkataba usiwe mrefu. Ukurasa mmoja wenye tarehe, mahali, saa za kupiga, nani analeta umeme na mitambo, kiasi cha fedha, na namna ya kulipa unatosha. Fedha za harusi ni michango, na michango huja kwa kuchelewa, kwa hiyo omba nusu siku ya kusaini, wakati kamati ingali na matumaini na daftari lake, na iliyobaki kabla ya kupanda jukwaani. Kumdai mweka hazina saa saba usiku, vitu vikiwa vimeanza kufungwa, ni kumharibia heshima yake mbele ya ndugu zake, na hatakuita tena hata kama kosa lilikuwa lake.

Dodoma ina mteja mwingine ambaye miji mingine haina kwa kiasi hiki, nao ni ofisi za Serikali na mashirika yanayofanya mikutano hapa. Mteja huyu halipi kwa bahasha. Anataka jina la biashara lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi ya TRA, mamlaka ya mapato, akaunti ya benki yenye jina hilo hilo, ankara kifani, yaani hati ya bei inayotolewa kabla ya kazi, na risiti ya EFD, mashine ya kodi, baada ya kulipwa. Manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023, na bendi ambayo haimo humo mara nyingi hupitia kwa mtu wa kati ambaye hubaki na sehemu nzuri ya fedha. Taasisi hukata kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla fedha hazijakufikia, ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Katika mfano wangu hapo juu ni 60,000, na kila fungu linashuka hadi 80,000, kwa hiyo ikumbuke unapotaja bei, na udai cheti cha kodi hiyo ili ikatwe kwenye kodi yako ya mwaka. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, nao usisubiri hadi uulizwe. Nakala za karatasi hizi zote zikae kwenye simu, zikiwa tayari kutumwa, kwa sababu afisa anayepanga hafla ya Ijumaa hupiga simu Jumatano na humchukua wa kwanza aliyekamilika.

Kuna kundi moja linaloniuma moyoni, nalo ni vikundi vya ngoma vya Wagogo. Wanawake wanaopiga muheme, ngoma yao ya asili, na wazee wa zeze la nyuzi na ilimba ya kupigwa kwa vidole gumba, huitwa kufungua mikutano, hupigwa picha, kisha hupewa soda na nauli. Muziki huu ndio uliompeleka Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, kwenye majukwaa ya Ulaya na kwenye studio za Real World za Uingereza. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani wa Kigogo, ambalo limewakusanya wapigaji wa vijiji vingi. Mgeni anayekuja Dodoma anaweza kusikia nyimbo za redioni popote nchini, lakini muheme ataupata hapa. Kikundi cha namna hii kinastahili kuwa na bei iliyoandikwa, kiongozi mwenye simu inayopatikana, na video ya dakika mbili iliyorekodiwa mahali penye utulivu. Vijana wanaosoma katika vyuo vyetu wangeweza kuwasaidia wazee wao kwa hili kuliko kwa jambo jingine lolote.

Mtandao nitausema kwa ufupi. YouTube, kwa video za kawaida, huhitaji wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuanza kukugawia mapato ya matangazo, na Spotify, tangu mwaka 2024, haihesabu mapato ya rekodi ambayo haijasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12. Kwa mwanamuziki wa kumbi, fedha za huko huja polepole. Faida ya haraka ni kwamba mweka hazina wa kamati, akiwa mitaa ya Nkuhungu au Kisasa hapa mjini, anaweza kukuona ukipiga kabla hajapiga simu. Kwa hiyo weka video za kazi halisi, kwa sauti ya ukumbini na si ya studio, weka namba ile ile kila mahali, na Jumatatu baada ya harusi watumie maharusi kipande cha wimbo waliouchezea. Wao wenyewe watakisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ambako ndiko harusi inayofuata inapopangwa.

Na kwa walio na nyimbo zao wenyewe, andikeni mgawo kabla ya kuondoka studio: nani alitunga maneno, nani alitunga melodi, nani anamiliki rekodi, kila mmoja kwa asilimia yake, na saini. Utunzi ni haki moja na rekodi ni haki nyingine. Sajilini kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na hakikisheni kila rekodi imepewa namba yake ya ISRC, ile ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, kabla haijapelekwa kwenye majukwaa, kwa majina yaliyoandikwa kwa tahajia moja kila mahali. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999, hakimiliki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo karatasi hiyo moja itatumiwa na watoto wenu, na prodyuza aliyesahau kuisaini leo atakuwa mgumu kupatikana wakati huo.