Mbele ya Ukumbi wa Kaloleni

Jumapili moja ya mwaka 1983, nikiwa na umri wa miaka 13, babu alinichukua kutoka mtaa wa Shauri Moyo jijini Nairobi, tukaenda kwa miguu hadi mtaa wa Kaloleni kumjulia hali shemeji yake aliyekuwa mgonjwa. Tulipofika mbele ya ukumbi wa mtaa alisimama, akavua kofia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba humo ndani, tarehe 23 Aprili 1950, alimsikia Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wakati ambapo wengi walikuwa wakiomba tu kuongezewa viti katika baraza la mkoloni.

"Babu, Mhindi?" nilimuuliza.

"Mjukuu wangu, alikuwa mwenzetu."

Kisha akatazama nyuma kabla ya kutamka kwamba mtu huyo alikuwa mkomunisti na hakulificha jambo hilo hata mahakamani. Tangu jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, watu wa mitaa yetu walikuwa wakipima kila neno, na neno hilo lilikuwa zito kuliko mengine.

Makhan Singh na kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, Fred Kubai, walikamatwa tarehe 15 Mei mwaka huo wa 1950, na kesho yake mgomo ukaanza Nairobi. Wafanyakazi walidai viongozi wao waachiliwe na kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi. Babu, aliyekuwa mpagazi katika ghala moja, alikumbuka zaidi mabomu ya machozi, na jinsi nyanya alivyokuwa akilowesha kanga maji na kuwagawia majirani vipande wajifute macho. Mgomo ulipozimwa baada ya siku chache zaidi ya wiki, alirudi kazini akakuta nafasi yake imekwisha kupewa mtu mwingine.

Hayo aliyasimulia bila uchungu. Kilichomtoa machozi ni kwamba Makhan Singh aliwekwa kizuizini hadi Oktoba 1961, miaka 11 na zaidi, kisha akafa mwaka 1973 bila kupewa kazi yoyote ya maana katika nchi aliyoidai mapema kuliko wengi waliokuja kuitawala. Mimi nasema huo ulikuwa udhalimu.

Babu akavaa kofia, tukaenda kwa mgonjwa. Jioni nyanya aliniuliza tulizungumza nini njia nzima. Nilimtazama babu, nikajibu kwamba tulizungumza habari za shemeji.