Siku moja na Massey 35 kwenye miteremko ya Karatu

Saa 12 asubuhi. Ukungu bado umelala juu ya mashamba. Trekta langu ni Massey Ferguson 35, lililoundwa Coventry, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1960, injini Perkins ya silinda tatu. Ni dogo, halina fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na leo linakwenda kulima shamba la mteremko.

Mwaka jana kwenye mteremko kama huo gurudumu la nyuma la upande wa juu lilinyanyuka. Nilielekeza trekta bondeni haraka, gurudumu likatua. Sijaisahau ile sekunde.

Saa 1:30. Jeki, magogo, spana. Kazi ni kutanua nafasi kati ya magurudumu ya nyuma, kutoka inchi 52 hadi 68, ili trekta lisipinduke kirahisi. Rimu na diski zake (bamba la katikati ya gurudumu) zimetengenezwa kugeuzwa, kila hatua inchi 4. Ukiligeuza gurudumu zima nje ndani, lihamishe upande wa pili, la sivyo meno ya tairi yatatazama nyuma na hayatashika udongo. Nati moja imekula kutu, mimi na kijana wangu tumening'inia kwenye bomba mpaka ikalia "kwa!" ndipo ikaachia.

Kijana akauliza kwa nini tusianze na mbele. Swali zuri. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati na inabembea juu yake. Kwa hiyo trekta halijasimama kwa miguu minne, limesimama kwa pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma na ile pini. Ukitanua mbele peke yake, pembetatu haikui hata kidogo. Ekseli itakuja kusaidia ikishagonga kizuizi chake, na hapo mara nyingi umeshachelewa. Nimemchorea chini kwa kijiti, akanyamaza akiangalia.

Saa 4. Maji ndani ya tairi za nyuma, kuongeza uzito. Tairi ziko juu ya jeki, valvu imetazama juu kabisa, mpira umetoka kwenye pipa lililo juu ya tela. Kila mara unatoa mpira upepo upumue, kisha unaendelea. Maji yakifika usawa wa valvu, acha: ni robo tatu, robo inayobaki ni ya upepo. Kila tairi ya 11-28 (upana inchi 11, rimu inchi 28) imemeza karibu ndoo nane za lita 20, yaani kilo 160 kila upande, tena chini kabisa, mahali uzito unapotakiwa.

Saa 6 chai na maandazi.

Saa 7 mchana, shambani. "Shikamoo mama," nimemsalimia mwenye shamba. "Marahaba baba, mbona umechelewa?" Nimeomba radhi, nikafunga pedeli mbili za breki pamoja ili magurudumu yote mawili ya nyuma yashikwe kwa pamoja, nikamshusha kijana wa jirani aliyekwisha kalia madigadi.

Nimeanza juu, nikifuata kontua, yaani mstari unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka, mkono wa kulia ukiwa mlimani. Jembe linatupa udongo kulia, yaani juu, na gurudumu la kulia linapita ndani ya mfereji uliotangulia. Upande wa mlima unashuka kidogo, trekta linakaa karibu sawa. Ukilima kwa kurudi, gurudumu la mferejini ndilo la bondeni, na trekta linazidi kuinama. Basi mwisho wa mstari nanyanyua jembe na kurudi mtupu.

Mama ameliona hilo. "Fundi, hiyo dizeli ya kurudi bure nani analipa?" Nimemwambia tutagawana, lakini kurudi nikilima sirudi. Akatazama bonde lile, akasema, "Endelea hivyo hivyo, mwanangu."

Saa 11 jioni. Nimeshuka nikiwa kwenye gia ya pili, sikutia nyutro hata mara moja. Nyumbani nimekaza tena nati zote za magurudumu; mbili zilikuwa zimelegea robo mzunguko. Kesho asubuhi nazikaza tena kabla ya kuwasha.