Nafsi Nyingi: Si Kwamba Zilivunjika

Wengi hudhani mwenye ugonjwa wa nafsi nyingi, yaani nafsi zaidi ya moja zinazopokezana ndani ya mtu mmoja, alikuwa na nafsi moja kamili, kisha ikavunjika vipande. Wanaoutibu huueleza vingine: nafsi yake haikupata kuungana.

Mtoto hazaliwi na nafsi iliyokamilika. Njaa, hofu na furaha humjia kila moja kivyake, na huunganishwa polepole na mlezi yuleyule anayempokea katika hali zote. Mlezi huyo akiwa ndiye anayempiga au kumnajisi, tena mara kwa mara, mtoto amkimbie nani na amkimbilie nani? Akili huzitenga hali hizo, kila moja ikawa nafsi yake. Anayekunywa chai na baba asubuhi hajui ya usiku. Anayejua yuko nyuma ya usahaulifu. Ndiyo maana chanzo hutafutwa utotoni, na aliyepatwa na vita ukubwani huumia akili kwa namna nyingine.

Wapo watafiti wanaosema tabibu anaweza kupandikiza nafsi hizo kwa maswali ya kuongoza. Sioni kama hoja hiyo inafuta ugonjwa wenyewe, ila onyo lake ni la kushika: usiwaite "wengine" watokeze, usichimbe kumbukumbu kwa maswali hayo.

Dalili kuu mojawapo ni mapengo ya kumbukumbu: nguo kabatini usizokumbuka kununua, mazungumzo yote yaliyopotea. Sauti za ndani huwafanya wengi waandikiwe skizofrenia, ugonjwa mwingine wa akili, kwa miaka. Kifafa na ulevi navyo vichunguzwe kwanza.

Na pepo je? Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unakiri kwamba kwingine hali hii huonekana kama kupandwa na pepo, lakini kilicho sehemu ya kawaida ya mila au dini hauhesabu kuwa ugonjwa. Anayepandisha ngomani kisha akarudi kazini salama, mwacheni. Anayepandisha bila kutaka, akapoteza siku nzima na maisha yakamharibikia, apelekwe kwa daktari wa akili.

Dawa ya ugonjwa wenyewe hakuna. Zilizopo husaidia sonona na usingizi. Tiba ni mazungumzo ya miaka, kwa hatua tatu: usalama, kisha kumbukumbu, kisha kuunganisha. Tabibu anayerukia ya pili huweza kuamsha majaribio ya kujiua, ambayo tayari ni mengi kwa wagonjwa hawa.

Mgonjwa akibadilika nafsi mbele yako, usimguse ghafla. Mwambie kwa sauti ya chini yuko wapi, leo ni tarehe ngapi, wewe ni nani. Akanyage sakafu, ataje vitu vitano anavyoviona.