Siku ya leza

Saa 1:15 asubuhi. Umeme upo, namshukuru Mungu. Nawasha mashine ya leza ya macho na kuhakikisha miale miwili myekundu ya kulengea inakutana kwenye nukta moja. Ikipishana, nitakosea, na kinachoumia ni lenzi ya mtu.

Saa 2:00. Benchi limejaa. Kila mmoja ananiambia, "Mtoto wa jicho amerudi." Hajarudi, na harudi. Tunapopasua tunatoa lenzi iliyochafuka, tunabakiza kifuko chake, humo ndimo tunapoweka lenzi bandia. Chembe zinazosalia huota taratibu nyuma ya kifuko hadi kikafanya ukungu. Leza inatoboa kadirisha kwenye huo ukungu tu. Muuguzi anapita na matone ya kupanua mboni na ya kuzuia presha ya jicho isipande.

Saa 3:20. "Shikamoo bibi. Weka kidevu hapa, usiongee." Naanza na nishati ya milijuli 1.5. Nalenga nyuma kidogo ya kifuko, kwa sababu mshindo wake hurudi mbele, na mbele ndipo lenzi ilipo. Tak. Tak. Utando wenye ukungu unachanika na kujikunja pembeni. Risasi ya tisa, kikohozi kikambana bibi wakati kidole changu kimeshabonyeza.

Kakovu kadogo kwenye lenzi, kama tundu la sindano. Hakafutiki tena. Kwa bahati kako pembeni, si katikati ya mboni, na kamoja tu hakamsumbui mtu kuona. Ingekuwa lenzi ya silikoni badala ya akriliki, kangekuwa kakubwa zaidi. Nimekaandika kwenye faili, nikamwambia na mwenyewe.

"Kwa hiyo umenitobolea kioo changu?"

"Nimekikwaruza bibi, sijakitoboa. Kipo palepale."

"Na hivi vinzi vinavyoelea?"

"Vipande vya utando. Vitapungua."

Saa 5:00. Mzee ametoka mbali na barua: "Apigwe leza." Nikachungulia kwenye darubini, nikachungulia tena. Kifuko chake ni safi kabisa, hakina ukungu. Kilichochafuka ni lenzi yenyewe, chumvi ya kalisi imejikita ndani yake. Baadhi ya lenzi za akriliki zinazonyonya maji hupata shida hii. Leza haiisafishi. Mbaya zaidi, nikifungua kifuko sasa, atakayembadilishia lenzi atapata kazi ngumu sana.

"Yaani nauli yangu yote hii nirudi hivihivi?"

Ana haki ya kukasirika.

Saa 5:30. Presha ya jicho la bibi ni 17, salama. Namwonya: ukiona vimulimuli, au kama pazia linashuka, usisubiri kliniki, njoo siku hiyohiyo. Retina, ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea mwanga, inaweza kubanduka, hata miezi baadaye.

Saa 9:40. Wagonjwa kumi na mmoja wamekwisha. Nimebaki na barua ya mzee kwenda kwa daktari wa upasuaji. Mstari wa kwanza nimeuandika kwa kalamu nyekundu: KIFUKO KIZIMA, ASIPIGWE LEZA.