Nililipia mboga kabla hazijapandwa, na tulikula msimu mzima

Kila niliyemwambia kwamba nataka kumlipa mkulima kabla hajatia mbegu ardhini aliniambia hela yangu italiwa. Kazini waliniambia, kanisani waliniambia, hata bodaboda anayenibeba asubuhi alinipa ushauri ambao sikumwomba: "Dada, hela ya shamba huwa inaondoka na mvua." Mmoja akataka nitafute mwanasheria aandike mkataba wenye muhuri. Mwingine akasema niende zangu soko la Kilombero jioni wakati wachuuzi wanafunga, mchicha unaachiwa bei ya kutupa. Ushauri wa namna hiyo ulinichosha, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kujaribu. Mimi nimejaribu, na hapa Arusha tuko kaya tisa tuliokula kutoka shamba moja la familia tangu masika yanaanza hadi Julai.

Wazo lilitoka kwa mdogo wangu anayeishi Massachusetts, Marekani. Kule watu wananunua fungu la mavuno mwanzoni mwa msimu, halafu kila wiki wanachukua kapu la kile shamba lilichotoa. Mashamba ya kwanza ya mpango huo Marekani yalianza mwaka 1986, moja huko huko Massachusetts na jingine New Hampshire. Wajapani walikuwa wametangulia tangu miaka ya 1970, familia za mjini zikielewana moja kwa moja na wakulima ili zipate chakula kisicho na sumu. Nikajiuliza, sisi wenye Mlima Meru mgongoni tunashindwa nini?

Nilianza na kijana mmoja aliyekuwa akisambaza makapu mjini. Alisema mboga zinatoka shambani kwao mlimani, hela unalipa ya mwezi mzima. Kapu la kwanza lilipofika nililimwaga lote juu ya meza. Karoti zilikuwa zimeoshwa zikang'aa, zote saizi moja. Nyanya hazikuwa na hata alama, na mvua ilikuwa inanyesha usiku na mchana. Ila kilichonifumbua macho ni vitunguu: vyekundu, vigumu, ganda kavu linalopukutika ukikigusa. Vile ni vitunguu vya Mang'ola, kule Ziwa Eyasi kwenye jua kali na maji ya mfereji. Mlimani kwetu kwenye ukungu kitunguu hakikauki namna ile. Nimekulia Arusha, kitunguu cha Mang'ola nakitambua hata gizani.

Sikugombana naye. Nikampigia simu kwa upole kabisa nikamwambia, wiki ijayo naomba uniletee mche mmoja wa mnafu na mizizi yake, na mmoja wa loshuu, nataka kupandikiza kwenye kopo. Mboga hizo za majani kwa kawaida zinachumwa majani tu, kwa hiyo sokoni ni nadra kukuta mzizi wake. Mwenye shamba anang'oa mche dakika moja. Wiki hiyo kapu likaja bila mche, akasema amesahau. Iliyofuata barabara ilikuwa imeharibika. Halafu mtoto akaugua, halafu nikaambiwa mnafu umeisha, wakati kapu lenyewe lilikuwa na fungu zima la mnafu! Nikamwambia basi Jumamosi nitapanda mlimani mwenyewe kuufuata. Hapo simu ikawa haipatikani. Hela iliyobaki sikurudishiwa, ila njia ya kumpima mtu niliipata, na hadi leo anayejiita mkulima namwomba mche wenye mizizi kabla sijamuuliza bei.

Shamba la kweli nililipata kupitia soko la Tengeru. Nenda Jumamosi alfajiri, kabla madalali hawajashika nafasi, uangalie wanaoshuka na mzigo kichwani ukiwa bado una umande. Ndivyo nilivyokutana na mama mmoja wa Kimeru anayelima upande wa Nkoaranga pamoja na mumewe, wanawe wawili na mkwe wake. Juu kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, wana migomba na kahawa, chini wana mboga wanazomwagilia kwa zamu ya mfereji. Nilipomwomba mche alicheka, akasema, "Mwanangu, njoo uchukue hata kumi." Nilipanda kwake mlimani siku ileile.

Shida ikabaki kwenye hela. Mkulima anahitaji hela kwa mkupuo, Februari, wakati wa mbegu na samadi. Sisi wa mshahara Januari imetumaliza kwa ada, na hakuna mwenye laki na themanini za kuweka mezani kwa ajili ya mboga ambazo hazijaonekana. Hapo ndipo nilipotumia mchezo wetu, na hili najivunia kuliko yote. Akina mama tisa tulikuwa na upatu wa elfu sitini kwa mwezi. Nikawashawishi miezi mitatu ya kwanza, Februari hadi Aprili, kitita kiende shambani badala ya kwenda kwa mtu, kisha zamu zetu ziendelee kama kawaida. Kwa hiyo kila mwezi mama akapokea laki tano na arobaini, za kwanza zikaingia kwenye mbegu, samadi na kibarua wa kulima. Hakuna aliyeona hela kubwa ikimtoka, na kijumbe wetu anajulikana: kwake hakuna habari ya "nitaleta kesho". Hayo malipo ya awali wanayoyasifia Ulaya na Marekani, wanawake wa Kitanzania tulikuwa na chombo chake siku nyingi.

Mkataba? Tuliandika kwenye daftari la shule, nyumbani kwa mama, tukinywa chai. Sentensi niliyoipigania ilikuwa hii: kikiharibika tumekosa wote, kikizidi tunagawana wote. Tuliongeza kwamba dawa yoyote ikipigwa, chupa ihifadhiwe tuione, na mboga isichumwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Mzee hakupenda hilo mwanzoni, lakini mwanawe mkubwa akasema ni haki yetu.

Sentensi ile ikatafutiwa kazi mapema. Mvua za Aprili zilikata nyanya zote. Mwenzetu mmoja akaja juu, anataka arudishiwe sehemu ya hela. Sikubishana naye kwenye simu, nikamchukua tukapanda wote hadi shambani. Mama akatupeleka kwenye matuta, akachuma nyanya moja, akaipasua kwa kidole gumba. Ganda lilikuwa na baka la kahawia gumu, na baka limezama hadi ndani. Majani yamekuwa meusi kama yamebabuliwa. "Mwanangu, huu ni ugonjwa wa ukungu," alisema. "Kantangaze tungepambana naye, lakini kwa mvua hii ningepiga dawa kila siku tatu, na ninyi mlikataa kula dawa." Kantangaze ni yule mdudu wa nyanya aliyeingia nchini mwaka 2014, na ni huku huku Arumeru alikoonekana kwanza, kwa hiyo mama anajua anachosema. Yule mwenzetu alikaa kimya, kisha akaomba aoneshwe bustani ya ngogwe, yaani nyanya chungu. Akarudi mjini na ndizi na magimbi ambayo hayakuwemo kwenye makubaliano, na habari ya hela haikusikika tena.

Badala ya nyanya tulipata majani ya maboga, loshuu nyingi na mnafu mwingi zaidi. Kuna wanaozidharau mboga hizi, eti za watu wa kijijini. Waende wakaulize Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho kina tawi hapa hapa Arusha linalohifadhi mbegu zake. Ukiona mnafu unawashinda watoto kwa uchungu, uchemshe kidogo, mwaga maji, uchanganye na mchicha ndipo uunge. Maziwa mwishoni yanaulainisha. Kwangu sasa wanaudai wenyewe.

Je, ni rahisi kuliko sokoni? Wiki nyingine ndiyo, wiki nyingine hapana. Ukitaka kulinganisha fungu kwa fungu utajisumbua bure, kwa sababu mboga iliyochumwa alfajiri inakaa zaidi kuliko ya sokoni jioni. Usafiri ndio uliotula kidogo, mpaka tulipoelewana na dereva wa Noah anayeshuka kila Alhamisi. Analipwa kwa kapu, na lake anapewa.

Mchezo wa mwaka huu umeshapangwa. Wameomba kuingia wengine watano, akiwemo yule wa mwanasheria na muhuri, lakini mama amesema ardhi yake inatosha kaya kumi na mbili tu, kwa hiyo kijumbe atapiga kura. Mayai nayo yataanza kuingia kwenye makapu Mei. Na ninyi wa zamani mnaonisoma hapa, matenga ya mama yarudi kabla ya mwisho wa mwezi, bado yapo manne mitaani na yeye ndiye anayeyanunua.